Mgonjwa niliyemuua kwa kubonyeza

Mwenzangu, acha unachofanya unisome. Leo nimeua mtu kwa kompyuta. Yu hai, anakunywa chai wodini.

Unaukumbuka ule mfumo mpya wa hospitali? Mkufunzi alisema, "Chagueni mgonjwa yeyote, mjaribu kumtoa." Wenzangu wakabonyeza "ameruhusiwa". Mimi na utani wangu nikabonyeza "amefariki". Tukacheka. Nilidhani ni mazoezi tu.

Mfumo ukamtumia mkewe ujumbe wa pole.

Mama wa watu akaja mapokezi na kiatu mguu mmoja. Akaniuliza mimi, mimi mwenyewe, "Mwanangu, mmemlaza wapi?"

Nikampeleka wodini. Mumewe akashangaa, "Unalia nini, kwani nani kafa?"

Mama akamshika uso. Akanigeukia. Nilingoja kofi, mwenzangu. Kofi ningelipokea.

Akasema tu, "Watoto nimeshawaambia."

Nyumbani kwake simu haipokelewi. Wakubwa wanahangaika kumfufua kwenye mfumo, kufuta hatukufundishwa. Mimi niko na huyu mama kwenye teksi.

Tumefika. Kilio kinasikika tangu barabarani.

Mama hashuki. Ananiambia, "Tangulia wewe."