Shina la Ukucha

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kanitupia habari ya kliniki ya ngozi. Anataka ukurasa mzima: chunusi, makovu, leza, sindano za kuondoa makunyanzi, na picha za watu wanaocheka. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa mahakamani. Akasema hata mahakimu wana chunusi. Nimekubali.

Nimekwenda na mdogo wangu. Hakualikwa — alisikia "kliniki ya ngozi", akavaa viatu. Ana mstari mweusi kwenye ukucha wa dole gumba la kulia, kutoka nyuma hadi ncha, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Anasema uko hapo tangu mwaka jana. Huufunika kwa rangi ya kucha. Kwa kuwa ni msusi, wateja hudhani ni madoido.

Kliniki: korido moja, milango mitatu. Wa kwanza ni wa dawa — upele, fangasi, mba, mabaka. Wa pili ni wa urembo. Wa tatu ni wa upasuaji mdogo. Harufu ya spiriti ipo kote, muziki upo mlango wa pili tu. Foleni iko mlango wa kwanza, viti vya kukalia viko mlango wa pili.

Daktari ni mpole, mikono safi, sauti ya kubembeleza. Kila kitu "taratibu". Kaa taratibu. Nyoosha mkono taratibu. Mdogo wangu alishambatiza Taratibu kabla hatujafika barabarani, na jina limeganda.

Ameutazama ukucha kwa kioo chenye taa. Amepiga picha — kila mgonjwa hapa hupigwa picha siku ya kwanza, ili baadaye ipatikane "kabla na baada" ya kuonyesha wateja. Akasema watu wa rangi yetu wengi wana mistari ya namna hii na haina neno. Akautazama tena. Akasema tukate kipande kikapimwe, tuwe na amani.

Sikupenda kule kutazama mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Amekatwa leo. Niliruhusiwa kusimama pembeni kwa ajili ya habari yangu.

Sindano za ganzi chini ya kidole, kila upande. Mdogo wangu aliyezaa watoto bila kutoa sauti alipiga kelele hadi korido ikanyamaza. "Daktari, taratibu yako iko mdomoni tu!" Sista alicheka akaangusha pamba.

Kabla ya kushika kisu, Taratibu alimuuliza anafanya kazi gani. Msusi. Basi hatutakuharibia, akasema, mikono yako ndiyo tangazo lako. Nikikata kule nyuma, ukucha utaota umepasuka katikati maisha yako yote. Nitachukua hapa mbele, hata mumeo hataona kovu. Mdogo wangu alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Akakata mbele, karibu na ncha. Kipande cha ukucha na nyama kidogo ya chini yake. Kikaingia kwenye kichupa, kichupa kikaenda maabara.

Kazi safi, damu kidogo. Nilivutiwa.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu anasuka tayari, dole limefungwa bendeji. Shemeji kanipigia niongee naye apumzike. Nikamwambia yeye ndiye mume. Akasema, "Shemeji, mimi mume wa usiku. Mchana ana wateja."

Jumatatu, 17 Machi

Safi! Mdogo wangu kanisomea majibu kwenye simu akirudiarudia: "Seli za kawaida. Umesikia, dada? Za ka-wa-i-da." Nyuma yake wateja wanashangilia kama goli limeingia.

Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tulipokwenda kule.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda hospitali kuu kumhoji mpasuaji wa saratani za ngozi, ili habari isiwe ya mdomo mmoja. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, hazungumzi na mtu akiwa amekaa. Nikauliza kuhusu kucha kwa sababu hilo ndilo nililoliona kwa macho. Nikamweleza mstari, kipande, majibu safi.

Akauliza: walikata wapi?

Mbele. Nikamwonyesha kwenye kidole changu.

Akaacha kuvaa glavu.

Alivyonieleza ni hivi. Ukucha ni kitu kilichokufa. Unasukumwa mbele kutoka kwenye shina, lililojificha nyuma, chini ya ngozi. Mstari unaouona mbele ulitiwa rangi kule nyuma, miezi iliyopita. Kama kuna ubaya, uko shinani. "Wewe mwandishi utanielewa," akasema. "Wamemkamata muuza magazeti, wakampekua, wakamkuta hana kosa. Aliyeandika hawajamgusa."

Je, majibu ni ya uongo? Hapana, kile kipande ni safi kweli. Ila sicho kilichotakiwa kupimwa.

Akaongeza: mistari kwenye kucha nyingi, sawa, wengi wetu tunayo. Mstari kwenye ukucha mmoja tu, kwa mtu mzima, tena unaopanuka — huo hauachwi.

Nikauliza, na kama ni ubaya wenyewe? Hakupepesa macho. Ukiwahiwa, unang'olewa ukucha wote na shina lake, panawekwa kiraka cha ngozi, dole linabaki. Ukichelewa, dole linakatwa kwenye kiungo. Ukichelewa zaidi, hatuzungumzii dole tena.

Nilimshukuru. Nilifika hadi kwenye ngazi nikagundua nimesahau kuuliza maswali mengine yote.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia mdogo wangu. Pa kumwambia nilipachagua vibaya: saluni, wateja wamejaa.

Aliendelea kusuka wakati naeleza. Nilipomaliza akasema bila kugeuka, "Dada, wewe ukienda harusini unatafuta maiti."

Nikarudia. Walikata mbele. Lilipaswa kukatwa shina.

"Miaka yote hiyo mahakamani, hujawahi kumwamini mtu aliyeachiwa huru!" Wateja wakacheka. Mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akapaza sauti, "Nani kaachiwa?" Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka, na hilo likamuudhi.

Alinivuta hadi stoo, kati ya makatoni ya nywele. Akashika fungu la rasta mbele ya uso wangu. "Tazama. Gumba ndilo linaloshika. Vidole hivi vingine vinapita tu. Ukinitoa gumba mimi ni mtu wa kufagia hapa. Daktari kaniambia nimepona, wewe unataka niende kwa mtu anayekata madole?"

Nikamtolea uvivu: hajakwambia umepona. Hakuna aliyepima.

"Basi kaandike gazetini," akasema, akarudi kwa mteja.

Shemeji alinifuata hadi nje. Alianza kwa ukali — mwache apumue, hospitali kuu wakikushika hawakuachii mzima. Kisha akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Shemeji. Ni kweli?"

Sijui, nikamwambia. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Hatujui.

Alhamisi, 20 Machi

Taratibu alinipokea kwenye chumba cha urembo. Muziki, taulo nyeupe. Alidhani nimeleta habari aisome. Nikauliza nikiwa nimesimama: shina uliliacha kwa makusudi?

"Ulimwona alivyonishukuru," akasema.

Nilimwona. Sikuuliza hilo.

Alitaka kumhifadhia mkono, akasema. Alipanga kumwita baada ya miezi mitatu, apige picha nyingine, alinganishe. Nikauliza kama alimwambia hivyo. Majibu yalipotoka safi, na yeye akafurahi kwenye simu vile... hakumwambia.

Alizima muziki mwenyewe. Akasema nimlete kesho ampige picha.

Nikasema kwangu mimi hatakuja. Akasema atampigia yeye.

Mhariri anauliza ukurasa uko wapi. Nikamwambia umechelewa. "Chunusi zimekushinda?" Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu.

Ijumaa, 21 Machi

Alikuja! Amejipara, kavaa hereni. Kwa Taratibu huja kama anayekwenda kupokea cheti. Mimi hakunisalimia.

Kasuguliwa rangi ya kucha kwa pamba. Kapigwa picha. Kisha Taratibu akaziweka mbili pamoja kwenye kioo kikubwa cha televisheni ukutani, kile cha kuwaonyesha wateja ngozi zao zilivyotakata. Kabla, na baada.

Sikuhitaji kuelezwa. Upande wa ncha umepona vizuri, kovu halionekani, alisema kweli. Lakini nyuma, mstari umenenepa. Na rangi imevuka ukucha, imeingia kwenye ngozi, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa.

"Hii ngozi ilikuwa safi," akasema, akigusa picha ya kwanza.

Mdogo wangu akamtazama. "Si ulisema seli za kawaida?"

"Nilikosea pa kukata," akasema. Hakusema taratibu. "Nenda hospitali kuu leo. Nimeshazungumza na mpasuaji."

"Kata wewe."

"Hapana. Akate yeye."

Mdogo wangu aliuingiza mkono kwenye mkoba, akatoka nao umo ndani, kama kaficha kitu cha wizi. Barabarani nilisubiri anitukane. Akauliza tu, "Ile habari yako inatoka lini?"

Nikasema siiandiki tena.

"Iandike," akasema. "Na ile picha uiweke."

Jumanne, 25 Machi

Shina limekatwa. Safari hii sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi na shemeji, kila mtu na simu yake, hakuna aliyekuwa anasoma chochote. Alinieleza habari za tairi za gari la jirani kwa urefu wa ajabu. Nilimsikiliza.

Alitoka na bendeji kubwa. "Huyu sasa," akasema, "huyu taratibu hajawahi hata kuisikia." Lakini kampenda. Naona. Alimuuliza swali moja — nitaweza kusuka? — na mpasuaji akamjibu kwamba hajui. Mdogo wangu anasema huyo ndiye wa kwanza tangu tuanze kumwambia hajui.

Majibu baada ya wiki mbili.

Jumapili, 30 Machi

Haniulizi, simuulizi. Nimeandika habari. Aya zote zipo isipokuwa ya mwisho.

Jumanne, 8 Aprili

Simu ya hospitali kuu imeingia kwangu, kwa sababu yeye hapokei namba asizozijua. Tufike kesho asubuhi. Sote. Na mume wake pia, kama anaweza.

Nikauliza: majibu yakoje? Sista akasema daktari atazungumza nasi.

Nimefanya kazi hii muda mrefu. Mwenye habari njema huisema kwenye simu.

Nimempigia mdogo wangu, nimemtajia saa tu. Akasema sawa. Nikasubiri aulize. Akasema, "Dada, nywele zako zina hali mbaya, unajua?" Akaaga.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni kati ya magoti ya mdogo wangu, shajara pajani. Mwandiko unapinda. Kila nikiinama ananirudisha kwa nywele.

Sikuomba kusukwa. Nilimfuata ili tuondoke. Nikakuta saluni kwa nje kama imefungwa, taa moja inawaka ndani, kaweka kiti, chanuo na mafuta. Kaa, akasema. Nikasema tunangojwa. "Kaa, dada." Kwa sauti ile ya mama, ambayo sikujua kairithi yeye.

Nimekaa. Kagawanya nywele kwa chanuo, kaanza mbele, mkono unakwenda vibaya. Nikageuka.

Kalikunja dole gumba la kulia ndani ya kiganja, kalizungushia plasta pana, mizunguko mingi, limebanwa kabisa. Anasuka kwa vidole vilivyobaki. Hakuna aliyemwambia neno. Majibu hatujayasikia.

"Mbele," akasema, akanigeuza kichwa.

Msuko wa kwanza ulilegea kabla haujafika sikioni. Akaufumua. Wa pili, hivyo hivyo. Gumba la kushoto linafika mapema, kidole cha shahada kinachelewa. Anapumua kwa pua. Nilitaka kusema kitu. "Usiongee, unatikisa."

Nje honi inalia. Shemeji kaazima gari la jirani. Imelia tena, ndefu.

Sasa kaingia mwenyewe, funguo mkononi, mdomo tayari kwa ugomvi. Kauona mkono. Kasimama palepale mlangoni. Mdogo wangu hajainua macho. Shemeji katoka, kauvuta mlango polepole. Honi haijalia tena.

Muda tuliopewa umepita.

Kaanza upya juu ya sikio. Ananivuta hadi machozi yananitoka. Huu umepita pale ilipofumuka ile mingine. Unakwenda. Nimemuuliza: unashika?

"Bado," anasema. "Inua kichwa."