Nilimwambia Ochuodho Mashine Mpya Inachezwa kwa Mkono Mmoja

Mama mshauri,

Pokea salamu kutoka Malaba, upande wa Kenya, na unisaidie haraka, kwa sababu shida yangu iko njiani ndani ya lori na itafika mwisho wa mwezi huu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiita.

Mimi ni fundi wa redio. Shule niliachia darasa la sita, hayo mengine nimejisomea kwa kufungua vitu vya watu na kuvifunga tena, nikibakiwa na skrubu moja mbili ambazo hakuna mtu amewahi kuniuliza. Kando ya kibanda changu kuna chumba, na ndani nimeweka televisheni na mashine ya gemu, ile ya kaseti, na wateja wangu si watoto wa shule kama mke wa pasta anavyosema, ni madereva wa malori ya masafa marefu, wanaume wenye vitambi na familia, ambao wakikwama siku mbili tatu kwenye foleni ya kuvuka Uganda hawana la kufanya ila kunywa, kugombana au kuja kwangu kucheza mpira wa kwenye televisheni, na wengi wamechagua kuja kwangu, Mungu awabariki, maana nimeishi na hawa watu vizuri kuliko nilivyostahili.

Sasa, mashine yetu haina kumbukumbu, ukiizima imesahau kila kitu. Na foleni haingoji mtu. Dereva anaweza kuwa anaongoza mabao mawili kwenye fainali, asikie nje wanaita, "Mzee, malori yanasonga!" na hapo lazima aache. Kwa hivyo tuna sheria yetu, tumeitoa kwa foleni yenyewe: anayeitwa anasimamisha mchezo, anaandika jina kwenye karatasi, anaiweka juu ya televisheni, na hapo ni pake mpaka arudi. Dereva mmoja anaitwa Ojakol alivuka hivyo akaenda kushusha simiti Tororo akarudi kesho yake, na siku hiyo yote watu wazima walikaa wakitazama mpira umesimama hewani, wakibishana kama utaingia. Ojakol alipoinama tu kushika ile rimoti ya vitufe, ambayo madereva wameibatiza stelingi, stima ikapotea. Tulimpa pole mmoja mmoja, kama kwenye matanga.

Ndiyo maana tuliposikia Wajapani wametengeneza mashine nyingine, inayotumia CD, watu wangu walipagawa. Wengine wanasema huko nje imeshatoka, wengine wanasema bado. Huku kwetu itatoka siku ambayo Ojakol ataishusha, kwa sababu shemeji yake ni baharia Mombasa na ameahidi kumletea.

Hapa ndipo kosa langu linaanzia. Mwezi wa tatu niliuziwa kabureta ya gari kutoka Japani, na ilikuwa imefungwa kwa ukurasa wa gazeti wenye picha ya hiyo mashine. Ukurasa ni wa Kijapani. Mama, mimi Kijapani sijui, hata leo sina hakika kama huwa ninaushika juu chini, picha ndizo zinaniongoza. Lakini kwa vile nilijifundisha Kiingereza kwa kusoma vitabu vya redio, watu hapa wanaamini mimi ninasoma chochote kilichochapwa, na mimi, ukweli nikuambie, sikuwahi kuwakatalia.

"Fundi," Ojakol akaniuliza, "hiyo mpya itakumbuka mtu alipofikia?"

"Itakumbuka."

"Hata nikivuka nikakaa wiki Kampala?"

"Hata ukioa huko."

Kuna mama anaitwa Aluka, anatuuzia chapati na maharagwe, na anatufunga sisi sote mabao bila hata kuvua aproni. Naye akasema, "Uliza kama kipa atakuwa anasikia. Huyu wa sasa anasimama kama ng'ombe ameona treni."

"Atasikia."

"Na wachezaji wawe na sura kama zetu. Hawa wote wana rangi ya ugali."

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Hapa chini."

Ojakol akataka na gemu ya malori, yenye mlima wa kweli, lori lipande limebeba tani thelathini likilia, na mimi nikampa huo mlima. Niliwapa kila kitu, mama. Ilikuwa raha. Kama ningeacha hapo leo nisingekuandikia.

Lakini siku hiyo alikuwa ameketi mlangoni mzee Ochuodho. Huyu alikuwa dereva miaka ishirini. Mwaka ule mto Nzoia ulipovunja kingo ukaingia kwetu Budalang'i, Ochuodho alisikia hapa kwangu kwamba mama yangu yuko juu ya paa la jikoni na mbuzi wawili, akageuza lori tupu bila kumuuliza tajiri wake, akafika mahali maji yalipomruhusu, akashuka akaingia kwa miguu, akamleta mama, mbuzi, vitanda na hata mlango, mpaka Mundika kwa dada yangu. Nilipotaka kumpa kitu akasema, "Wacha, mimi nilikuwa napita." Mtu alikuwa anapita kilomita hamsini! Mama yangu yuko hai kwa sababu ya huyo mtu, na kila asubuhi ninapofungua kibanda huwa namshukuru Mungu kwa jina lake.

Miaka miwili iliyopita lori lake lilipinduka. Alipona, lakini mkono wa kushoto umebaki unaning'inia tu. Akajifungia nyumbani kwake Mundika, hataki kuonwa na madereva. Siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja tangu ajali, na alikuja kwa sababu mkewe Apondi alimsukuma. Akauliza polepole:

"Fundi, hiyo ya kuja, mtu wa mkono mmoja anaiweza?"

Chumba kikanyamaza. Aluka akaacha kutafuna. Nikatazama ule ukurasa, na kweli kulikuwa na picha ya mkono umeshika stelingi. Mkono mmoja. Nikasema, "Anaiweza, mzee. Imeandikwa hapa, na picha ndiyo hii."

Mama mshauri, ukurasa umechanika hapo. Mkono wa pili uko upande ambao sina.

Tangu siku hiyo, miezi mitatu sasa, Ochuodho anakuja kila Jumamosi. Anaketi na wenzake, anawacheka wakifungwa, ameanza kunyoa ndevu mwenyewe. Apondi aliniletea kuku kunishukuru, akasema nimemrudishia mume wake. Nilimla yule kuku, mama, na kila kipande kilipita kooni kikiniuliza swali.

Sasa Ojakol ametuma neno kwamba mashine ameipata. Nimefikiria niwaambie imepotea njiani, kwa sababu hapa Malaba mzigo kupotea njiani hakuna anayeuliza mara mbili. Pia nimefikiria ikifika niiunguze kwa stima mbaya siku ya kwanza, mimi ni fundi, kuua mashine si kazi. Au nikae kimya tu nimwache ajaribu, labda Wajapani wamefikiria watu kama yeye? Nifanye nini? Nisaidie, na asante sana hata usiponijibu.

Usichapishe jina langu. Andika tu "Fundi wa redio, Malaba", hata kama tuko wawili na yule mwingine ndiye atalaumiwa.

*

Fundi wa redio, Malaba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka. Mara ya pili nilihesabu: umenieleza raha yako, aibu yako, na kuku uliyekula. Ochuodho ataketi namna gani mbele ya wenzake, stelingi mpya mapajani na mkono wa pili haufiki, hilo hukuliandika hata mstari mmoja. Hebu liandike kichwani sasa, kabla hujaendelea kusoma.

Basi hilo ndilo jibu la "nimwache ajaribu". Usithubutu.

Kuiunguza pia hapana. Ojakol amebeba kitu hicho kutoka baharini mpaka kwako kwa mapenzi yake, na wewe umuunguzie? Na ukisema imepotea, Ochuodho ataingoja nyingine, halafu nyingine, na wewe utakuwa unasoma Kijapani mpaka uzee.

Najua hukumdanganya kwa ubaya. Ulimpenda, kimya cha chumba kikakushinda, ukakijaza na kitu cha kwanza ulichoona. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini wengi wetu tungeona aibu siku ya pili, wewe umengoja miezi mitatu na kuku.

Nisikilize sasa jambo ambalo wewe mwenyewe umeniandikia na hukuliona. Unaogopa kwamba Ochuodho ametoka nyumbani kwa sababu ya mashine, na asipokuwa nayo atarudi kujifungia. Bwana, mashine yenyewe haijafika! Jumamosi kumi na mbili amekuja kuketi mbele ya ile kuukuu ambayo hawezi kuicheza. Alikuwa anakuja kuona nini? Ni nyinyi. Ni kelele zenu, na kipa wenu asiyesikia. Hicho kitu mlimpa kweli, na hakikutoka kwenye karatasi yako.

Kwa hivyo nenda Mundika kabla Ojakol hajafika. Nenda mchana, peke yako, ukiwa hujanywa. Beba ule ukurasa, mwonyeshe palipochanika, umwambie, "Mzee, hii lugha siijui, nilikudanganya." Usianze na habari ya mafuriko. Usianze na asante. Asante inayotangulia mbele ya uongo ni hongo. Sema uongo wako kwanza, nyamaza akukasirikie kadiri anavyotaka, halafu ndipo umshukuru kwa mama yako, kwa sababu nina wasiwasi kwamba tangu alipokuambia "nilikuwa napita" hujawahi kumshukuru vizuri. Mungu umemwambia kila asubuhi. Ochuodho je? Apondi atakuwa mkali kuliko mumewe. Huyo usimjibu kitu, msikilize tu mpaka amalize.

Wale wengine waambie siku hiyo hiyo. Aluka hatashangaa. Mwanamke anayefunga chapati kwa magazeti kila siku ya Mungu anajua karatasi inayosomeka na isiyosomeka. Nadhani alikuachia kwa sababu naye alikuwa anafurahia kuomba.

Sasa kazi yako. Mimi nyaya sizijui, lakini nilimuuliza fundi wa mitambo hapa gazetini, akaniambia kitufe si kitu cha ajabu, ni nyaya mbili zinazogusana, na waya unaweza kurefushwa mpaka sakafuni. Ochuodho ana mkono mmoja mzima na miguu miwili iliyokanyaga klachi, breki na mafuta kwa miaka ishirini. Unanielewa? Lakini usimtengenezee kwa siri umletee kama zawadi ya kufuta kosa. Fanya na yeye. Aseme mwenyewe kitufe gani kiende mguu gani, maana dereva ni yeye. Na anzeni na ile stelingi ya zamani, mkiiharibu hakuna atakayelia. Ikishindikana, mwambie imeshindikana. Ana moyo wa kuingia kwenye maji ya Nzoia, ukweli wa stelingi hautamuua.

Majina yote nimebadilisha, na yule fundi mwingine wa redio Malaba naomba aniwie radhi. Lakini wazee wa mkono mmoja wanaongojea mashine ya gemu si wengi mpakani, na madereva waliokwama kwenye foleni husoma gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo. Kwa hivyo jibu hili nilikutumia kwanza kwa posta, siku kumi kabla ya kulichapa. Kama ulilipata ukaenda, basi mzee anausoma ukurasa huu sasa hivi karibu yako, na mnabishana kuhusu breki. Kama hukwenda, anausoma peke yake. Weka chini hilo gazeti, umkimbilie.