Marashi ya Kaburi la Shambani

Jumatatu, 4 Machi 1946

Leo natimiza miaka thelathini na mitatu nje ya shamba la baba. Kahawa, gazeti, dirisha la Kibokoni. Shamba liko Ganjoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sijalikanyaga tena.

Salim, ndugu yangu kwa baba, aliliuza nikiwa Hija. Nilirudi nikakuta kitanda changu barabarani. Yaliyofuata nimeyasikia kwa watu. Mzungu aliyelinunua akakata michungwa, akafanya uwanja wa tenisi. Vita vilipokuja, kambi ya askari. Sasa gereji ya malori. Kila habari ilipofika nilimlaani Salim kwa jina.

Jumatano, 6 Machi

Amekuja Zuhura, binti yake Salim. Babake haoni tena, daktari amekata tamaa.

"Ami, ataka umpeleke kaburini kwa babu, kule shambani. Na ataka radhi yako."

Nilikubali upesi mno. Akanibusu mkono. Maskini.

Jumamosi, 9 Machi

Tulikwenda kwa riksho. Salim kakumbatia chupa ya marashi. Bawabu langoni akauliza, "Wazee, mwatafuta spea?"

"Twamtafuta baba," akasema Salim. Bawabu akacheka, akatufungulia.

Kaburi nililiona mara moja. Li salama nyuma ya ukuta, mkomamanga umeota kichwani, umezaa. Sikusema. Nilimshika mkono nikampeleka upande wa pili, pale yanapomwagwa mafuta machafu ya malori.

"Hapa."

Akapiga magoti. Akamwaga marashi. Akapapasa.

"Kaka, mbona panuka mafuta?"

"Ndivyo ulivyopauza."

Alilia kwa sauti, mbele ya mafundi. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka kifua kikauma. Njia nzima ya kurudi alikuwa akifuta vidole kwenye kanzu. Radhi hakuniomba tena.

Jumanne, 12 Machi

Salim amefariki alfajiri. Kabla ya kumsalia, imamu aliuliza kama yuko anayemdai maiti. Msikiti mzima ukanigeukia. Nikasema sina dai. Kweli, sina. Nilikwisha kujilipa.

Waoshaji wanasema kucha zake zilikataa kutakata.

Alhamisi, 14 Machi

Joto. Zuhura kaleta ile chupa. Marashi yamebaki kidogo chini.

"Ami, haya kammwagie babu. Wewe ndiye wajua alipolala."

Najua. Mimi peke yangu. Chupa nimeiweka juu ya kabati.

Shambani sirudi tena.