Natembea Tu

Mama Anord,

Maharage yameiva, nimeyaepua. Kuku nimewafungia, ila yule tetea mweusi amegoma, msake nyuma ya choo. ~~Ugali usiniwekee.~~ Niwekee, ila kidogo.

Asubuhi umenipa chai bila kunitazama, nikajua jirani yetu Mama Yusta ameshakwambia: "Mumeo siku hizi anatembea." Ni kweli natembea, lakini kwa miguu! Daktari ndiye aliyeniambia nitembee kila jioni, kwa ajili ya presha. Niliona aibu kukwambia nina presha, nikakudanganya kuwa naenda kwa fundi. Hapo nimekosa, nisamehe.

Na kutembea kwenyewe kumenishinda. Hapa Mlandege utapitaje mlangoni kwa mtu bila kusema kamwene? Nikisalimia, naulizwa naenda wapi. Nikijibu, "Natembea tu," wanadhani nimekuja kuwatembelea. "Karibu ndani, baba!" Kiti kinatoka, chai inatoka, viazi vinatoka. Tangu nianze sijawahi kuvuka nyumba ya nne, na nimeongezeka kilo mbili. Huyo Mama Yusta mwenyewe juzi kanipakulia kande mara mbili!

Raba zako nimezifuta vumbi, ziko mlangoni. Nakusubiri pale kwenye mashine ya kusaga. Wakituuliza tunaenda wapi, jibu wewe. Mimi Kiswahili kimeshaniponza.

Ni mimi,
Baba Anord, anayetaka kutembea na mke wake