Jiwe la Mfongoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hiyo ya kwetu? Ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku mgodini linanikohoza. Zile ndizi mshare zimefika salama, nikapika machalari, majirani wakajaa mlangoni.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga anapokea Baba Mdogo Aminieli. Tangu lini simu yako ikawa yake? Barua hii isome mwenyewe, tena ukiwa peke yako.

Lile jiwe ulilolifunga kwenye majani makavu ya mgomba nimelitazama vizuri. Kwenye barua yako unasema Baba Mdogo aliliokota kwenye mfongo wetu alipokuwa anazibua mfereji, na sasa ana wanunuzi kutoka Majengo wanaotaka kuchimba kihamba chote, migomba na nyumba, mpaka pale alipolala Baba. Mama, kazi yangu ni kutazama mawe kutwa. Hilo ni jiwe la itale, mwamba ule mgumu. Zamani sana maji ya moto kutoka chini yalipita kwenye nyufa zake yakalipika. Wekundu wake ukageuka kijani kilichofifia, likawa laini, ukilipapasa linateleza kama sabuni. Vile vinavyong'aa ndani yake siyo dhahabu, ni chuma na salfa. Dhahabu yenyewe, kama ipo, jicho haliioni. Huku tunaitafuta hivyo, kwa kufuata mahali mwamba ulipopikwa. Sasa niambie, kihambani kwetu kuna itale wapi? Mawe ya kwetu ni meusi, ya volkano, yale yale tuliyojengea zizi.

Nikaligeuza. Upande mmoja umeviringana, mwingine umekatwa bapa kwa msumeno. Maji ya mfongo hayakati jiwe hivyo! Mashine zetu za kuchoronga mwamba ndizo hutoa mawe marefu ya mviringo kama mchi, tunayapasua kwa urefu, nusu inabaki kwenye sanduku. Unakumbuka Baba Mdogo alivyokuja kunitembelea, akashinda nami bandani penye masanduku hayo akiuliza maswali? Nilifurahi, nikasema angalau kuna mtu wa nyumbani anayejali kazi yangu. Jana nikafungua masanduku ya kipindi kile. Kuna pengo. Nikaliweka jiwe lako, likakaa sawasawa.

Halafu umenitajia kwa furaha kwamba Jumapili baada ya ibada alikuja na jani la isale, akakuomba msamaha "kwa lolote lile". Jamani, Mama! Mligombana lini? Hakuna anayebeba isale bure, na anajua wazi kwamba wewe humkatalii mtu aliyekuja nalo. Ameomba msamaha wa kitu ambacho hujakiona bado. Naogopa. Usitie sahihi popote, na asisogee mtu na sururu karibu na kaburi la Baba. Nimeshaomba ruhusa, nakuja.

Nisalimie dada yangu wa Kwa Sadala, mwambie ahamie kwako mpaka nifike. Mpe salamu mchungaji wetu, naye umsomee barua hii.

Dada akishafika, msalimie na Baba Mdogo. Mwambie jiwe lake limerudi sandukuni. Na isale, lile la kwako umelipokea. La kwangu bado hajalileta.

Mimi binti yako ninayekuwaza,
Manka