Nguo ya durite

Larissa, uko? Usinipigie. Sina sauti ya kuongea.

Ile pagne ya marehemu Maman, ile kitenge ya maua ya bluu, ile tulitafuta mpaka tukachoka, ile nilitaka kuvaa kesho kwa misa ya kumaliza kilio. Tumeipata. Ndani ya mota ya gari ya Papa.

Tulikuwa tunapanda toka Nyakabuye, moshi ikaanza kutoka mbele. Papa akasimamisha, akafungua kapo, ile boneti ya mbele. Nikaona maua ya bluu. Nikasema si yo.

Ni yo. Imefungwa kwa durite, ule mupira wa kupitisha maji ya radiateri. Imeungua, imebaki kipande sawa kiganja.

"Papa, ni nini hii?"

Ananijibu polepole: "Fundi alisema durite iko karibu sana na eshapema, ile bomba ya kutoa moshi, joto itaipasua. Akasema niivalishe nguo."

Nguo, Larissa! Bafundi banaita vile kile kifuniko cha kuzuia joto, kinauzwa Kamembe pale kwa bipuri. Papa alisikia nguo, akafungua sanduku ya Maman.

"Nguo zote za nyumba, ukachukua hii?"

"Mama yako alikuwaka anasema hii haichuji. Nikaona ni ya nguvu kuliko zote."

Sikulia. Mpaka sasa silii. Nimekaa tu ndani ya gari, mikono inanuka moshi.

Papa akagusa durite na kidole. Haina hata alama. Akaniita nikuje kuona.

"Iko nzima, mwanangu. Mama yako ameichunga."