Daftari Nililoliacha Wazi

Ngarenaro, Arusha
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mpendwa Mama mdogo Zamda,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza huko Maskati, bado anagoma kula mpaka ukae naye mezani? Tunakuombea wepesi kila baada ya swala.

Sisi wazima. Baridi imetubana, na mlima hatujauona siku ya nne leo kwa mawingu. Mwanangu Twahir amekonda kidogo lakini hajalazwa tangu Machi. Unajua mwenyewe sikoseli na baridi havipatani, kwa hiyo namvalisha soksi mbili mbili na kumchemshia maji ya kunywa.

Barua hii anakuletea Omary wa duka la vitenge, nimemsihi akukabidhi mkononi. Sikutaka kukutumia sauti kwenye simu. Maneno ya simu husikilizwa na wengi, na jambo ninalokuandikia limetokana na hayo hayo.

Najua umeshasikia kwamba posa ya binti yako Faudhia, uliyemwacha kwetu, imesimama. Najua pia umeambiwa kuwa nesi ndiye aliyetoa siri. Si kweli, Mama mdogo. Siri ya mwanao niliitoa mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Unakifahamu chama chetu cha wazazi wa watoto wenye sikoseli. Mtoto akizidiwa huhitaji damu haraka, nasi tulikuwa tunapoteza saa nzima kutafuta nani ana kundi gani. Mwaka jana nikaanzisha daftari mtandaoni, kwenye huduma ya bure ya kampuni moja ya nje. Niliandika jina la mtoto, kundi la damu, tarehe alizolazwa, na ndugu wa kupigiwa simu. Halafu, kwa kiherehere changu, nikaongeza na majibu ya ndugu waliopimwa.

Faudhia nilimwandika bila kumuuliza. Yeye haumwi, ila ameibeba sikoseli kwenye damu, na akiolewa na mwenye kuibeba kama yeye, wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa. Alikuwa ameniambia tukiwa wawili tu, akasema atamweleza mwenyewe mchumba wake Abdulhalim kabla ya ndoa. Na daftari lenyewe nililiweka kwa namna ambayo yeyote aliyetumiwa kiungo chake angeweza kulifungua. Nilifikiri nawarahisishia kina mama wasioweza kukumbuka nenosiri.

Jumapili ya tarehe nne Mei akaja baba mkubwa wa Abdulhalim na wazee wawili. Chai hawakuigusa. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani mbele ya Baba.

"Mlipanga kutuambia lini?" akauliza. "Mjukuu wetu akishazaliwa?"

Baba akamuuliza kaitoa wapi.

"Imenifikia kwenye simu, nikaenda kuichapisha. Mzee, nusu ya mtaa wetu wanayo."

Niliinama kuisoma. Namba ya simu ya Faudhia ilikuwa imekosewa tarakimu ya mwisho. Kosa hilo nililifanya mimi, kwenye daftari langu. Baadaye niligundua kwamba mzazi mmoja alimtumia shemeji yake kiungo akitafuta mtu wa kutoa damu, shemeji akakisambaza, na kikaenda kilikoenda. Lakini pale sebuleni nilinyamaza.

Wageni walipoondoka, Baba alisema nje ya nyumba hii aliyeweza kujua ni nesi Elinami peke yake, maana ndiye aliyemchukua Faudhia damu. Kesho yake asubuhi alikwenda kliniki kulalamika. Elinami akaondolewa kwenye chumba cha mafaili, akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Siku tisa, Mama mdogo. Siku tisa nilikuwa napika, nafua, napeleka mtoto shule, na Elinami yuko kwake anangoja kufukuzwa kazi. Siku ya saba alinikuta sokoni Kwa Mrombo nikinunua ndizi. Akanishika mkono.

"Swabaha, mimi na wewe tumekesha na Twahir wodini. Waambie kwenu kwamba siwezi kufanya kitu kile."

Nikamjibu nitaona la kufanya. Nikaziacha ndizi nilizokwisha kulipia.

Siku ya kumi nilishindwa. Nilimwambia Baba ukweli wote, Faudhia akiwa amekaa pale pale. Baba alifoka mpaka sauti ikamkauka. Faudhia hakufoka. Aliniangalia akasema, "Dada, nilikwambia wewe peke yako." Kwa wiki mbili hakunisemesha tena.

Tulikwenda kliniki mimi na Baba, nikaandika maelezo kwa mkono wangu, na Elinami akarudishwa kazini. Baba alimwomba radhi mbele ya wenzake. Amesamehe, ndivyo anavyosema. Ila hapa kwetu haingii tena, anatusalimia akiwa barabarani.

Daftari nalo tulifanyeje? Nilimwendea Aristides, fundi wa kompyuta ambaye binti yake Diana ni mgonjwa kama wetu. Nilidhani atanifundisha kukifunga kile kiungo, basi.

"Kukifunga ni dakika moja," akasema. "Lakini daftari litaendelea kukaa kwao. Wao ndio wanaopanga masharti, na wanayabadilisha wakitaka. Mimi jina la Diana silitaki tena huko."

Akaleta kompyuta kuukuu ya mezani, akaisafisha na kuipa programu zisizo za kampuni yoyote, tukaiweka kwenye kabati chumbani kwangu. Hiyo ndiyo seva, Mama mdogo. Ni kompyuta tu, ila haizimwi, inangoja kuulizwa. Kila mzazi ana ufunguo wake kwenye simu, na anamwona mtoto wake peke yake. Kwa watoto wengine anaona kundi la damu na namba ya kupiga, hakuna zaidi. La zamani tulilifuta, ingawa Aristides alituambia kweli kwamba nakala zilizokwisha kusambaa hazirudi.

Nikaona nimetengeneza. Wiki ya pili umeme ukakatika asubuhi na mapema, betri ya akiba tuliyoiunganisha ikaisha saa nne. Saa tano simu ikaita. Ni Marta, mkulima wa kahawa kule Akheri, analia: mwanawe Yona amezidiwa, wako hospitali, damu ya kundi lake haipo. Nikabonyeza ile kompyuta kama mwehu. Giza. Daftari letu tulilolipigania lilikuwa kabatini kwangu, mita mbili kutoka nilipo, na sikuweza kulisoma.

Nilipiga simu kwa kukumbuka nani ana kundi hilo. Wa kwanza hakupokea, wa pili alikuwa Momela anatembeza watalii. Wa tatu na wa nne walikimbia hospitali na pikipiki. Saa nane Yona aliwekewa damu.

Kwenye mkutano kina mama wawili walisema turudi kwenye ile ya bure, maana ile haikuzimika hata siku moja. Sikuwa na uso wa kubishana nao. Aliyesimama ni Marta. Alisema, "Mwanangu ndiye aliyekuwa anakufa, na bado sirudi kule. Wekeni kompyuta ya pili kwangu, nina sola." Tumeiweka. Sasa ya Akheri inanakili ya kwangu kila saa, na kila Ijumaa naizima ya kwangu makusudi nione kama ile inajibu.

Ndugu wote niliowaandika bila ruhusa nimewaita mmoja mmoja. Anayetaka kubaki anabaki, asiyetaka anafutwa. Faudhia aliniondoa kitini, akasema, "Nitajifuta mwenyewe." Akabonyeza, akasubiri mstari upotee, akasubiri nakala ya Akheri nayo ipotee, ndipo akanyanyuka.

Abdulhalim alikuja wiki iliyopita, peke yake. Alimwambia Baba kwamba hakuja kuvunja wala kuendeleza, amekuja kumsikiliza Faudhia, maana mpaka siku ile alikuwa amesikia karatasi tu. Waliongea uani kwa muda mrefu. Kisha akakubali kupimwa.

Jumatatu walifuata majibu yake. Waliingia ndani wawili tu, wengine wote wakabaki nje, Faudhia ndivyo alivyotaka. Waliporudi, yeye alinawa mikono akaanza kupakua wali, na Abdulhalim akakaa na Baba wakazungumza habari za mvua. Nilimtazama usoni nikaona hapasomeki. Swali lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza.

Sijamuuliza mpaka leo. Nawe akikupigia, tafadhali usimuulize.

Baba anakusalimu sana, Twahir anakubusu mkono, Marta wa Akheri anakutumia kahawa, ipo kwa Omary. Mola akulinde ugenini na akurejeshe kwetu ukiwa na afya. Unisamehe, Mama mdogo.

Mwanao akupendaye na kukuonea haya,
Swabaha